Saratani ya mapafu hatua ya nne: mzee apumzike, au aachwe ajishughulishe?

Mkulima wa Zabibu (Dodoma)

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limeigawa familia yetu, na ningependa mtakaojibu mjibu kwa taaluma au kwa yale mliyoyapitia wenyewe.

Baba yangu ana umri wa miaka 66. Amelima zabibu Hombolo karibu maisha yake yote, na hadi mwaka jana alikuwa akipogoa mizabibu yake mwenyewe bila kuweka kibarua. Alivuta sigara tangu ujana, akaacha miaka michache iliyopita. Kikohozi kilipoanza alitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa makohozi hayakuwahi kuonyesha vimelea, na ni baada ya kuanza kutema damu ndipo alipofanyiwa kipimo cha picha cha CT na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya kupimwa. Majibu yalisema ni saratani ya mapafu iliyofika hatua ya nne, na kwamba imekwisha kuenea kwenye ini na kwenye mbavu mbili za upande wa kulia. Kila baada ya wiki tatu tunampeleka Dar es Salaam kwa tibakemikali. Tunashukuru kwamba treni ya SGR inafika Dodoma tangu mwaka 2024, kwa sababu kwa hali yake safari ya basi asingeiweza.

Dozi ya kwanza aliipokea vizuri. Baada ya dozi ya pili alianguka kabisa. Kwa siku tisa hakutoka kitandani isipokuwa kwenda chooni akiwa ameshikwa huku na huku. Siku ya kumi akaanza kuketi barazani, na kufikia wiki ya tatu alikuwa anafika hadi kwa jirani na kurudi, japokuwa anahema. Tulipokwenda kwa dozi ya tatu, daktari alimuuliza maswali ambayo hatukuyatarajia: unaoga mwenyewe? Mchana unalala saa ngapi? Unavaa viatu bila msaada? Kisha akaiahirisha dozi kwa wiki mbili, akatueleza kwamba mzee akizidi kuwa mtu wa kitandani, dawa hiyo itamdhuru kuliko kumsaidia.

Hapo ndipo mgawanyiko ulipoanza. Shangazi, dada yake baba, amekuja kutoka Mpwapwa kumuuguza, na kwa mapenzi makubwa anamfanyia kila kitu: anamwogesha, anamlisha, hata kikombe cha maji hamwachii akifuate. Anasema mgonjwa hutafutiwa utulivu, na nguvu kidogo iliyobaki isipotezwe. Baba kwa upande wake ananung'unika kwamba amenyang'anywa mikono yake, na mara mbili tumemkuta njiani akielekea shambani peke yake na fimbo. Uzito wake umeshuka kutoka kilo 63 hadi 54 ndani ya miezi mitano.

Ninaomba kujua kama nguvu iliyopotea kwa ugonjwa wa hatua hii inaweza kurudi kweli, na kama kujishughulisha kunaimaliza ile iliyobaki au kunailinda. Tena, je, kuna namna ya kuipima nyumbani, ili tukienda kwa daktari tuwe na cha kumweleza kuliko kusema tu kwamba mzee anaendelea vizuri?

Fiziotherapia Dom

Ndugu Mkulima, pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mzee salamu zangu. Ninafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dodoma na nimewahi kuwahudumia wagonjwa wa aina hii, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na maswali ya daktari, kwa sababu hayakuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Kuna kipimo kinachoitwa ECOG, kilichochapishwa mwaka 1982 na kutumika duniani kote katika tiba ya saratani, ambacho humpa mgonjwa alama kuanzia 0 hadi 4 akiwa hai. Mwenye 0 anaishi kama kabla ya kuugua. Mwenye 1 anatembea na anaweza kazi nyepesi, ila kazi ngumu zinamshinda. Mwenye 2 anajihudumia mwenyewe lakini hawezi kufanya kazi, na zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho hayuko kitandani. Mwenye 3 anajihudumia kwa sehemu tu, na zaidi ya nusu ya saa hizo yuko kitandani au kitini. Mwenye 4 hajiwezi kabisa. Kwa kawaida tibakemikali hupewa walio kati ya 0 na 2. Kuanzia 3, madhara yake huelekea kuuzidi msaada wake, isipokuwa pale ambapo uvimbe umepimwa na kukutwa na badiliko la vinasaba linalotibiwa kwa vidonge maalumu. Kwa hiyo mstari uliopo kati ya 2 na 3 ndio unaoamua kama baba ataendelea na dawa, na kuuvuka kwenda upande usiotakiwa si kazi ya saratani peke yake. Kulala nako kunachangia.

Hilo la mwisho naomba shangazi alisikie kwa upole, kwa sababu anachokifanya kinatoka moyoni. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwalaza kitandani kwa siku 10 watu wazima wenye umri unaokaribiana na wa baba, watu wenye afya njema kabisa, na walipopimwa walikutwa wamepoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na saratani, hawakuwa na homa, na walikuwa wanakula. Baba amelala siku tisa akiwa na saratani, na dawa kali juu yake.

Sasa, je, nguvu inarudi? Umeandika jambo moja ambalo pengine umelipita haraka, nami limenipa matumaini kuliko mengine yote: alianguka siku tisa, kisha akainuka, na kufikia wiki ya tatu alitembea hadi kwa jirani. Katika ugonjwa uliosambaa tunatazama mahali mgonjwa alipo leo, lakini tunatazama zaidi jinsi anavyoshuka anapopata pigo, iwe ni dozi, homa au maji kwenye kifua, halafu anachukua siku ngapi kupanda tena na anafika wapi. Huo ndio ustahimilivu wa mwili. Wagonjwa wawili wenye picha zinazofanana za mapafu wanaweza kutofautiana kabisa hapo. Mwili wa baba umeonyesha kwamba bado unajua njia ya kurudi, na kazi yenu ni kuhakikisha kwamba kila anaposhuka hashuki chini kuliko lazima.

Kuhusu kipimo cha nyumbani, hamhitaji mashine. Chukueni kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemezeni ukutani, baba akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa mara tano mfululizo huku mtu akihesabu sekunde kwa simu. Akizidisha sekunde 15, nguvu ya miguu yake imepungua kwa kiwango cha kutiliwa maanani. Akishindwa kuinuka bila kujishika, andikeni hivyo hivyo, nayo ni taarifa. Kingine, pimeni mita nne barazani, atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Mwenye mwendo mzuri hutumia chini ya sekunde 5. Fanyeni vipimo hivi mara moja kwa wiki, saa ile ile, mtu mmoja akiwa amesimama karibu naye, na matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na siku ya dozi. Daktari atakayeliona daftari hilo atajua mambo ambayo kipimo cha damu hakiwezi kumwambia.

Mazoezi yenyewe yafuate mzunguko wa dawa. Siku nne au tano za mwanzo baada ya dozi mara nyingi ndizo za uchovu mkali. Hapo lengo ni dogo mno, yaani aketi kwa ajili ya kila mlo, asimame kila baada ya saa moja au mbili za mchana, na akunje na kunyoosha miguu akiwa amekaa. Kuanzia hapo ongezeni taratibu: kuinuka kitini mara tano, asubuhi na jioni, na matembezi mafupi ya dakika tano yanayorudiwa, kuliko moja refu linalomlaza mchana kutwa. Mwendo sahihi ni ule unaomwezesha kusema sentensi nzima akiwa anatembea. Akikata maneno, asimame aegemee. Akiamka kesho yake amechoka kuliko jana, mmezidisha, punguzeni nusu.

Kwa kuwa mbavu zimeguswa, asinyanyue ndoo, asivute kamba, wala asiinuliwe kwa kushikwa kwapani au kubanwa kifua. Muulizeni daktari kama uti wa mgongo na mifupa ya mapaja navyo viliangaliwa kwenye picha, maana mfupa uliodhoofishwa na saratani unaweza kuvunjika kwa jambo dogo. Na mkimwona anashindwa hasa kuinuka kitini wakati mikono ina nguvu, mwelezeni daktari kama anatumia deksamethasoni kwa muda mrefu; dawa hiyo husaidia hamu ya kula, lakini ikitumika sana hudhoofisha misuli ya mapaja. Asiiache ghafla kwa uamuzi wenu.

Binti wa Kondoa

Kaka Mkulima, mimi si mtaalamu. Nilimuuguza mama yangu kwa ugonjwa huu huu, na nimesoma habari za shangazi yako nikajiona mwenyewe.

Tulipoambiwa hatua ya nne nilijiapiza kwamba mama hatagusa kitu. Nilimfulia, nilimchana nywele, nilimshika mkono hata anapovuka kizingiti. Baada ya mwezi mmoja na nusu mama hakuweza tena kujivalia gauni, nami nikaamini ni ugonjwa umepanda. Muuguzi mmoja aliyekuja kututembelea ndiye aliyeniuliza swali lililonichoma: mara ya mwisho ulimwacha ajaribu lini? Sikuwa na jibu.

Tulianza na ungo. Mama alikuwa mtu wa kuchambua mchele na choroko, kwa hiyo kila asubuhi nilimwekea ungo mapajani akiwa kitini nje, si kwa kumpa kazi ya kuigiza, bali chakula kile kile tulichokuwa tunakwenda kupika. Wiki ya kwanza alichambua kidogo akauweka chini. Baadaye akawa anauliza mwenyewe, mchele uko wapi. Kutoka kwenye ungo tukaenda kwenye choo, ambacho kilikuwa nje, hatua kama ishirini kutoka mlangoni. Tuliweka kiti katikati ya njia ili apumzike anapoelekea na anaporudi, na kiti hicho kilimrudishia jambo ambalo mtu mzima hapendi kusaidiwa. Kujivalia alirudi kujivalia. Hakurudi kuwa kama zamani, lakini tulipata miezi ambayo alikuwa mama yangu na si mzigo wa mikono yangu.

Naomba pia niseme upande wa pili, kwa sababu nilikosea huko nako. Ilifika wakati mwili ulikuwa umekwisha, naye analala kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, nami nikaendelea kumhimiza ainuke kwa kuwa kuinuka kuliwahi kufaa. Siku moja alilia, akaniambia, mwanangu, leo niache. Nilipaswa kuliona kabla hajalisema. Tofauti niliyokuja kuielewa ni kwamba mwanzoni, akipumzika siku mbili alipata nguvu; mwishoni alipumzika wiki nzima na hakukuwa na kinachorudi. Daftari mliloshauriwa hapo juu litawasaidia kuiona tofauti hiyo mapema.

Kuhusu shangazi, usimnyang'anye nafasi yake. Mpe nyingine. Awe ndiye anayekaa karibu na baba wakati anaoga mwenyewe juu ya kigoda, ndiye anayeshika simu na kuhesabu sekunde.

Mkulima wa Zabibu (Dodoma)

Ninawashukuru sana. Dada wa Kondoa, nimemsomea shangazi maneno yako yote, naye alinyamaza muda mrefu.

Tumepima leo asubuhi. Kuinuka mara tano kumemchukua sekunde 22, na mita nne sekunde 7. Ila limejitokeza jambo lingine: anasema mgongo unamuuma katikati, hasa usiku, na ndiyo sababu hataki kukaa kitini muda mrefu. Amepewa morfini ya maji lakini shangazi anaificha, akiamini kwamba ni dawa ya wanaokufa na kwamba itamzoesha. Usiku akiamka na pumzi fupi nyumba nzima inaingiwa na hofu, na jirani ametushauri tununue mtungi wa oksijeni. Chakula nacho ni shida, kwa sababu ndugu wengine wamesema nyama na sukari vinailisha saratani.

Muuguzi wa Tiba Shufaa

Ndugu yangu, naomba nianze na mgongo, kwa sababu hilo halisubiri mengine. Maumivu mapya ya katikati ya mgongo, yanayozidi usiku au anapolala chali, kwa mtu ambaye saratani imekwisha kufika kwenye mifupa, ni lazima yachunguzwe wiki hii. Na kama wakati wowote miguu italegea au itakufa ganzi, mkojo utakataa kutoka au utatoka bila yeye kujua, au atahisi kama amefungwa mkanda kifuani, msingoje miadi wala asubuhi: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mseme waziwazi kwamba mnaogopa uti wa mgongo kubanwa. Wanaofika kabla miguu haijashindwa ndio wenye nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Hadi atakapopigwa picha, asiiname kwa nguvu wala asijipinde, matembezi ya polepole nyumbani yanatosha.

Morfini irudishwe mezani. Ninalielewa woga wa shangazi, kwa sababu watu wengi waliiona dawa hii kwa mara ya kwanza mgonjwa akiwa siku zake za mwisho, wakadhani ndiyo iliyomwondoa. Morfini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo kilichoandikwa na kwa saa zilizopangwa, inaondoa maumivu ili mtu aweze kulala usiku na kusimama mchana. Hakuna zoezi litakalofanyika juu ya maumivu yasiyotibiwa. Siku chache za mwanzo anaweza kusinzia zaidi, kisha hali hiyo kwa kawaida hupungua. Kinachobaki ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nayo tangu siku ya kwanza, na kama hamkupewa, iulizieni.

Watu wengi wanaposikia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hudhani wamekabidhiwa kwa ajili ya kusubiri. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata matibabu ya kawaida, na nusu waliongezewa tiba shufaa mapema, karibu na siku ya kugundulika. Walioongezewa waliishi kwa ubora zaidi na kwa sonona kidogo, na tena waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa kati ulikuwa miezi 11.6 ikilinganishwa na 8.9. Mwombeni daktari awaunganishe na huduma hiyo sasa, wakati baba anatembea.

Kuhusu pumzi, oksijeni huwasaidia wale ambao kiwango chao kwenye damu kimeshuka, na hilo hujulikana kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Mgonjwa ambaye kiwango chake kiko sawa hanufaiki na mtungi kuliko anavyonufaika na hewa ya kawaida inayompiga usoni, kwa hiyo pimeni kabla ya kutumia fedha. Usiku akiamka anahema, aketi ukingoni mwa kitanda, viwiko vikiwa juu ya mapaja au juu ya mto ulio mezani, mabega yalegee. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza moto wa jikoni, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mtu mmoja ampepee shavuni na puani kwa feni ndogo ya mkononi, au kwa kipepeo cha ukili kama feni haipo. Upepo unaogusa sehemu hiyo ya uso hupunguza hisia ya kukosa hewa. Wengine wote watoke chumbani na mmoja abaki, azungumze kwa sauti ya chini. Hofu ya watu wanne waliosimama mlangoni inaongeza kuhema. Lakini kama pumzi imebadilika ghafla, au mguu mmoja umevimba, au uso na shingo vimejaa, au amekuwa mfupi wa pumzi siku hadi siku, aonwe na daktari, kwa kuwa huenda ni damu iliyoganda, au ni maji yaliyozunguka pafu, ambayo yakitolewa mtu huweza kupata nafuu siku hiyo hiyo.

Chakula nitasema kwa ufupi. Kumnyima nyama na sukari hakuiui saratani kwa njaa. Anayekufa njaa ni baba. Kwa kilo 54 anahitaji takribani gramu 65 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, konzi ya karanga 7. Mpeni kidogo kidogo mara sita, uji uliotiwa karanga iliyosagwa na maziwa, mlenda na dagaa, mchuzi wa kuku wenye nyama yake. Mjue pia kwamba kukonda huku si kwa kukosa kula peke yake, bali saratani yenyewe inachoma misuli, kwa hiyo msimlaumu anaposhindwa kumaliza sahani. Na akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya dozi, hospitali mara moja, hata kama anasema anajisikia vizuri.

Mwalimu Mstaafu, Area C

Ninaandika kama mgonjwa. Nina saratani ya mapafu iliyosambaa, na nimekwisha kupata dozi sita.

Mambo ya miguu na pumzi yameelezwa vizuri, sitayarudia, isipokuwa niseme kwamba kwa Dodoma matembezi yawe saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujainua vumbi, hasa miezi hii ya kiangazi. Ninachotaka kuongeza ni juu ya moyo wa mzee. Watu wengi wanaokuja kunitazama huniambia nijikaze, niwe na nguvu, na wakiondoka ninakuwa nimechoka kuliko walipofika, kwa sababu nimelazimika kuwaonyesha nguvu ambayo siku hiyo sina. Anayenisaidia ni mjukuu wangu anayeniletea daftari lake la hesabu, nami nasahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa nusu saa hiyo mimi ni mwalimu. Mwulizeni baba yenu ni kitu gani akikifanya anajiona yeye mwenyewe. Anapotoroka kwenda shambani pengine ndiyo anawajibu. Mfanyieni mpango wa kufika huko salama kuliko kumfungia mlango.

Mkulima wa Zabibu (Dodoma)

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwenu nyote. Ni wiki ya saba tangu niandike, nami ninadaiwa taarifa.

Mgongo ulipigwa picha. Pingili moja imeguswa lakini uti haujabanwa, na alipewa mionzi ya mara moja Dar es Salaam. Baada ya siku kumi hivi maumivu yakapungua sana. Morfini anainywa kwa saa, na anayeangalia saa ni shangazi. Kiwango cha oksijeni kilipimwa kikawa sawa, tukanunua feni ndogo badala ya mtungi.

Kabla ya dozi ya tatu sekunde zake za kitini zilikuwa zimeshuka kutoka 22 hadi 17. Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akampa dozi iliyopunguzwa kidogo. Baada ya dozi alianguka tena, lakini safari hii alikuwa mtu wa kitandani siku nne na si tisa, na hata katika siku hizo alikula ameketi. Siku ya sita alipima sekunde 25, siku ya kumi na nane akarudi 18. Hakufika 17, nami nimeliandika hilo kama lilivyo. Uzito umesimama kwenye kilo 54.

Shambani tunampeleka kwa bajaji mara mbili kwa wiki, asubuhi, saa moja tu. Tumemwekea kigoda na mkasi mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Anapogoa matawi ya kimo cha kifua chake, ya juu na ya chini anamwelekeza mdogo wangu, na anamgombeza anapokata karibu mno na jicho la tawi. Juzi alimaliza mashina manne, akaomba maji, akaegemea mti. Shangazi alikuwa amesimama pembeni na kikombe mkononi. Hakukipeleka; alikiweka juu ya jiwe, hatua tatu kutoka alipo baba, akamngoja akifuate.

Dozi ya nne ni Jumatano ya wiki ijayo. Tutapima Jumatatu asubuhi kabla ya safari, na nitaandika hapa sekunde zake.